Mtu Aliyeng'ang'ania Bahari

Katika miaka yake yote ya upolisi, Sajini Aryemo hakuwahi kukutana na mshukiwa anayeng'ang'ania kwamba alikuwepo mahali pa mauaji. Wengine wote huapa walikuwa kwa shemeji, walikuwa kanisani, walikuwa wanaumwa tumbo. Mwalimu Danieri wa Bwera aliketi mbele yake katika chumba cha mahojiano pale Kasese, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, akirudia neno lile lile tangu asubuhi.

"Nilikwenda, afande. Nilikaa katika nyumba ile. Lakini sikumgusa yule bibi."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Mrefu? Mfupi?"

"Wa kawaida."

"Mtu wa kawaida anafananaje, mwalimu? Nionyeshe mmoja hapa Kasese."

Danieri akaangalia dirisha, kana kwamba mmoja angepita.

Nyumba yenyewe ilikuwa mbali, mwisho kabisa wa reli na zaidi, katika kisiwa kidogo kusini mwa Mombasa, ufukweni, mkabala na mwamba wa matumbawe. Ilikuwa mali ya Halimah, mwanamke wa pwani aliyekuwa na hoteli ya chai na wali karibu na stesheni ya Kasese. Baba yake alimwachia nyumba hiyo, naye akawa anaikodisha kwa watu wa reli na wa mgodi wa Kilembe wakipata likizo. Ufunguo ulitoka mkononi mwake hapa Kasese. Kule kisiwani shangazi yake alipika, akafagia, akaangalia mambo.

Safari hii ufunguo aliuchukua Danieri, mtu wa kwanza wa Bwera kuuchukua. Siku ya kodi kwisha, wavuvi walimkuta shangazi sakafuni, kichwa kimepasuka. Kasha la mikufu ya dhahabu ya ukoo halikuwepo, wala mpangaji. Wavuvi walikumbuka mwanamume mwenye kofia pana, basi. Jana telegramu ikaja: shangazi amefariki hospitalini bila kusema neno. Wizi ukawa kesi ya kunyongwa. Afisa wa Mombasa alikuwa njiani, angeshuka kwenye treni ya kesho, amtie Danieri pingu, aondoke naye.

Aryemo alivuta kiti karibu. "Haya, tuache bibi. Nieleze nyumba. Umeamka asubuhi, umefungua mlango. Unaona nini?"

Hapo mwalimu akachangamka. Mgongo ulinyooka, sauti ikawa ya darasani.

"Maji, afande! Maji mlangoni kabisa. Nainama, nachota kwa mkono, nanawa uso. Mchana nikitoka, maji pale pale. Jioni, pale pale. Naingia kwenye mtumbwi, napiga kasia mpaka mwambani, natazama samaki wa rangi, narudi, nafunga mtumbwi kwenye nguzo ya baraza."

"Kila siku?"

"Kila siku. Saa yoyote nitakayo. Na kiboko hakuna hata mmoja."

Aryemo aliandika yote. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa Gulu. Maji makubwa aliyoyajua yalikuwa Nile, na sasa ziwa la kule Katwe. Hakuona kosa katika maneno yale. Aliona tu kwamba mtu huyu alieleza maji vizuri kuliko alivyoeleza binadamu.

* * *

Hoteli ya Halimah ilikuwa imefungwa kwa matanga. Mwenyewe alikaa mkekani, kanga imefunika kichwa, macho mekundu. Wanawake wawili wa stesheni waliokuja kumpa pole wakajisogeza ukutani kumpisha Aryemo.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kuniambia wamemnyonga?"

"Bado, mama. Nimekuja kuuliza kitu cha kijinga."

"Uliza. Leo sina hata nguvu ya kukucheka."

Aryemo akamsomea maneno ya Danieri: kunawa uso mlangoni, mtumbwi kwenye nguzo, saa yoyote. Kabla hajamaliza Halimah alikuwa amenyanyua kichwa.

"Saa yoyote?"

"Ndivyo alivyosema."

"Maji ya bahari si maji ya birika, mwana, ukayaacha hapa ukayakuta hapa. Yanajaa, yanakupwa. Asubuhi yako mlangoni kweli, unaweza kunawa. Ngoja adhuhuri. Yameshakwenda zake! Umebaki mchanga na majani, mpaka kule mwambani. Shangazi yangu alikuwa akienda mwambani kwa miguu kutafuta pweza, na kanga haikulowa."

"Na mtumbwi?"

"Umelala mchangani kwa ubavu kama mbuzi aliyeshiba. Utaupigia kasia wapi?"

"Mtu akikaa pale siku nyingi, anaweza asilijue hilo?"

"Hata kipofu atalijua. Maji yakiondoka na kelele zake huondoka. Unasikia kimya mpaka unatoka nje kuuliza kuna nini."

Aryemo akafunga karatasi zake. "Basi huyu mtu hajafika kwako, mama."

Halimah akamtazama, na uso ukabadilika. "Wewe, usinichezee. Ufunguo nilimpa yeye, kwa mkono huu. Nikamwambia, mwalimu, shangazi yangu anaimba akipika, usimcheke. Akaniahidi. Kama hakwenda yeye, alikwenda nani na ufunguo wangu?"

"Ndicho ninachotafuta."

"Basi kitafute kwake! Mimi nina maiti, sina mafumbo."

* * *

Inspekta Kiiza alikuwa mtu wa Toro, mpole wa sauti, mgumu wa kushawishi. Alisikiliza habari ya bahari huku akikoroga chai iliyokwisha kupoa.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hajaiona bahari hata siku moja, afande. Amechukua ziwa la Katwe akalitia mwamba."

"Au ameiona na hajui kueleza. Mimi nimeoa mwaka wa kumi na mbili huu, niulize mapazia ya nyumbani kwangu yana rangi gani."

"Afande, mapazia hayatembei. Bahari inatembea."

"Utasimama mbele ya jaji, na hizo tepe zako tatu, umwambie bahari inatembea?"

"Majaji wa Mombasa wanajua."

"Na mimi nina watu wa Bwera chungu nzima walioapa kwamba alikwenda. Baba yake mzazi ameapa! Mzee wa kanisa! Hakuna hata mmoja aliyelazimishwa, wamegombania kalamu." Akasukuma kikombe. "Mwongo akidanganya juu ya bahari, bado ni mwongo mwenye ufunguo. Nipe mtu mmoja aliyemwona kwingine siku zile. Mmoja. Chukua Landrova, na jioni iwe imerudi."

* * *

Walipita Muhokya vumbi likiwa limetanda, wakakatiza mbuga, wakapanda kuelekea Bwera. Asubuhi Aryemo alimwacha mwanawe kwa jirani kambini akiwa na homa ndogo, na sasa nusu ya siku ilikuwa imeliwa na mtu asiyetaka kuokolewa.

Mzee Kezironi, baba yake Danieri, walimkuta kanisani akipanga mabenchi. Alikuwa mwinjilisti wa pale tangu zamani. Aliposikia jina la mwanawe aliacha mabenchi, akampeleka Aryemo moja kwa moja dirishani. Kwenye kizingiti cha dirisha zilipangwa kombe za bahari, nyeupe, za waridi, moja kubwa yenye madoa.

"Tazama, mama polisi. Hizi mutoto yangu alituletea. Sikiliza hii kubwa. Weka kwa masikio!"

"Mzee, mimi nimekuja kwa sababu ya kamba ya shingo."

"Hakuua. Mungu anajua."

"Sawa. Na hakwenda baharini."

Kezironi akacheka, kicheko cha mtu aliyeambiwa kwamba Rwenzori ni kichuguu. "Aliendaka! Sisi yote tulimusindikiza mpaka kwa basi. Watoto ya shule banaimba, mimi naomba, mwenye basi anapiga honi. Alirudi, tukachinja. Ameniambia kila kitu. Maji ile iko na chumvi, lakini kiboko hakuna. Mutu anaoga bila kuogopa!"

"Kuna mtu yeyote aliyemwona hapa Bwera siku hizo? Hata kwa mbali? Mtu huyo akisema, mwanao anatoka."

"Unataka niseme mutoto yangu iko muongo."

"Nataka aishi, mzee."

"Ataishi. Hakuua. Lakini aliendaka."

Aryemo akamwacha na kombe zake, akaingia sokoni. Huko mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kila aliyeulizwa hakujibu tu, aliongeza. Muuza vitunguu alisema mwalimu alirudi amenenepa kwa samaki. Fundi cherehani alisema alirudi akitembea kama mtu wa melini. Mama mmoja wa ndizi, mdomo mwepesi, alimvuta Aryemo mkono.

"Hata ngozi, nyabo! Alirudi ngozi imetakata, mweupe kidogo, kama mutu ya Ulaya. Ni hewa ya bahari hiyo."

"Alirudi mweupe?"

"Mweupe kabisa! Sisi tunakwisha na jua, yeye anang'aa."

Aryemo akasimama katikati ya soko. Alijua Wazungu wa mgodi. Walikwenda pwani wakiwa weupe, wakarudi wekundu kama nyanya, pua zinabanduka. Mtu hakai ufukweni akatakata. Anatakata akikaa ndani.

Akauliza nyumba ya mwalimu iko wapi.

* * *

Ilikuwa nyuma ya kanisa, juu kidogo kwenye mteremko, na ubavuni mwake kibanda cha kuhifadhia kahawa, mlango mmoja, dirisha hakuna. Yudesi, mke wa Danieri, alikaa barazani akinyonyesha. Alikuwa msichana bado, na uso wake ulikuwa umechoka kwa namna mbili, ya mtoto mchanga na ya mume aliye kizuizini. Wanawake wa jirani walikuwa wamemzunguka wakichambua maharage.

"Mtoto wa kwanza?" Aryemo aliuliza, akiinama kumtazama.

"Huyu ndiye aliyebaki," Yudesi alisema. "Wa kwanza alitoka kabla ya wakati wake."

"Pole. Na huyu alizaliwa lini?"

Wanawake walijibu kwa pamoja, kwa fahari ile ile ya sokoni. Alizaliwa baba yake akiwa bado baharini! Mchana, watu wote wako mashambani, mama mkwe yuko Mpondwe gulioni. Yudesi alijifungua peke yake, jasiri, kama nyati! Waliporudi walikuta kila kitu kimekwisha, mtoto ameoshwa, amefungwa kwenye shuka, mama amelazwa.

"Amelazwa?" Aryemo aliuliza.

"Amelala," Yudesi alisema upesi.

"Na kondo la nyuma?"

"Nililizika. Kule, chini ya mgomba."

Aryemo alizunguka nyumba kwenda kuona. Ardhi ya mteremko ule ilikuwa ya mawe. Chini ya mgomba palikuwa na kifusi kilichoshindiliwa vizuri, na kando yake mawe yaliyong'olewa, mengine makubwa kama kichwa cha mtu, yamepangwa juu ili mbwa wasifukue. Akajaribu kuinua moja kwa mikono miwili. Likainuka, kwa shida. Akalirudisha.

Aliporudi barazani aliwaomba wale wanawake wakamletee maji ya kunywa, na baridi tafadhali, ya kisimani. Mmoja aliinuka.

"Nendeni wote," alisema. "Nina kiu ya watu wengi."

Wakaenda wakigeuka nyuma. Aryemo akakaa sakafuni karibu na Yudesi, akanyoosha mikono, akapewa mtoto.

"Mimi nimezaa, Yudesi. Nesi alikuwepo na daktari alikuwepo. Na siku ile usingenipa hata kijiko nikiinue."

Yudesi alitazama mikono yake.

"Nani alichimba?"

"Mimi."

"Ulishika sururu? Ukang'oa mawe yale? Damu inatoka?"

Yudesi akafunga blauzi yake, kifungo kimoja kimoja. Akaangalia njia ya kisimani. Akaangalia kanisa.

"Watamcheka mpaka afe," alisema.

"Wasipomcheka atakufa mapema zaidi."

Ndipo ikatoka, kwa sauti ya chini. Usiku wa kuamkia safari aliona matone ya damu, kama ile mara ya kwanza. Akamwomba mumewe asiende. Danieri akasema watu wote wameshajiandaa kumsindikiza, watoto wamefundishwa wimbo. Akapanda basi, akapunga mkono. Alishuka Muhokya, akarudi kwa miguu na kwa lori la watu, akaingia kibanda cha kahawa kwa njia ya migombani. Humo alikaa mchana kutwa. Usiku alitoka kukaa na mkewe, na kabla ya jogoo akarudi kwenye magunia.

"Na siku ya mtoto?"

"Nilimwambia akimbie amwite mkunga. Alifika mlangoni. Nikamshika shati, sikuweza kungoja tena." Alifuta macho kwa kiganja. "Alimpokea yeye. Kwa mikono yake. Kwetu, afande, mwanamume hata uani hakai siku hiyo, anapelekwa mbali. Yeye alishika kila kitu. Alikuwa analia kuliko mimi."

"Na ufunguo wa nyumba? Alimpa nani?"

"Sikuuliza. Mimi nilifurahi tu amerudi."

"Utakuja Kasese useme haya?"

"Mbele ya mzee Kezironi?"

"Mbele ya yeyote."

Yudesi alimchukua mtoto, akamtia mgongoni, akafunga shuka kifuani kwa nguvu. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Landrova ilikuwa na abiria tayari. Mzee Kezironi amekaa nyuma, koti la kanisani, kofia magotini.

"Mzee, wewe hatukukuita."

"Mimi ndiyo shahidi ya kwanza," alisema. "Mimi niko na haki."

* * *

Inspekta Kiiza aliwaweka wote katika chumba kimoja kwa sababu chumba kilikuwa kimoja. Danieri alipomwona baba yake alisimama, kisha akakalishwa. Yudesi alisema aliyoyasema barazani, macho chini, maneno machache. Hakumtazama mkwewe. Alipofika kwenye kibanda cha kahawa kalamu ya Kiiza ilisimama, na alipofika kwa mtoto ikawekwa mezani.

Inspekta akamgeukia Danieri.

"Mwalimu?" Kiiza aliuliza.

Danieri alikuwa ameukunja uso kama mtu anayehesabu. "Yudesi amechoka, afande. Amejifungua juzi juzi. Mimi nilikwenda baharini."

Aryemo akapiga meza, kikombe cha inspekta kikaruka. "Bahari gani? Ile inayokaa mlangoni kutwa kama mbwa? Bahari huondoka, mwalimu! Huondoka na kurudi, kila siku, na wewe hukuliona hilo kwa sababu ulikuwa umelala juu ya kahawa!"

"Siku zile… labda haikuondoka."

"Labda haikuondoka!" Akageuka ukutani, akageuka tena. "Sikiliza. Afisa wa Mombasa anashuka kesho. Utaingia naye ndani ya treni. Utaiona hiyo bahari, nakuahidi, na watahakikisha ndiyo kitu cha mwisho utakachokiona. Mkeo amekuja hapa na mtoto mgongoni, vumbi lote lile. Unamfanya mwongo mbele ya baba yako."

Machozi yalimtoka Danieri, yakateremka mpaka kwenye vifungo vya shati. Akatikisa kichwa. Aryemo alimjua mtu wa namna hii. Alikuwa mwalimu. Kila asubuhi alisimama mbele ya watoto waliomwimbia wimbo ule.

"Afande," alisema Kiiza polepole, na haikujulikana anamwambia nani, "mke humtolea mumewe ushahidi kila siku ya Mungu. Mimi siwezi…"

"Kitovu," alisema mzee Kezironi.

Wote wakageuka. Hakumtazama inspekta wala sajini. Alikuwa anatazama kile kichwa kidogo kilichojitokeza kwenye shuka, mgongoni kwa Yudesi.

"Kitovu ya mutoto," alisema. "Ulifungaka na nini?"

"Kamba ya kiatu, baba," alisema Danieri. "Niliichemsha kwanza."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati. Alipiga, akapiga tena, akaacha. Danieri aliinamisha kichwa taratibu mpaka paji likagusa meza, na hapo akabaki.

Kiiza akachukua kalamu.

"Ufunguo," Aryemo alisema. Hakutaka kumpa nafasi ya kupumua. "Nani?"

"Célestin."

"Célestin gani?"

"Yule mnunuzi wa kahawa, wa upande wa Kongo. Aliniona nikishuka basi Muhokya. Akacheka, akaniuliza mwalimu, bahari imehamia hapa? Nikamweleza. Akasema ufunguo usipotee bure, yeye ana safari ya Mombasa. Nikampa." Alisema haya yote akiwa ameinama, kwa ubao wa meza. "Aliporudi aliniletea zile kombe kwenye mfuko wa karatasi. Akasema, useme ulikwenda wewe, na mimi nitanyamaza. Hakunieleza kitu kuhusu bahari. Alikuwa na haraka. Nikatumia ziwa."

"Anavaa kofia?"

"Pana. Ya majani."

"Na ulipokamatwa, ukasikia bibi amepigwa, hukumtaja!"

"Ningemtaja, afande, mngeniuliza mimi nilikuwa wapi."

Aryemo hakungoja zaidi. Alikwenda chumba cha simu ya upepo, akaita kizuizi cha mpakani, akaita tena, akapata kelele, akapata konstebo mwenye mafua. Célestin? Mnunuzi wa kahawa? Wanamjua sana, mtu mzuri, anasalimia. Amevuka jana alasiri.

"Na mzigo gani?"

"Lori tupu, afande. Kahawa hakuna. Kasha moja tu, kuukuu, la mbao na misumari ya shaba. Alisema nguo za marehemu mama yake. Zito hilo! Lilikuwa linateleza, tukamsaidia kulifunga."

Aryemo aliweka chombo chini bila kuaga. Jana alasiri alikuwa hapa hapa kituoni, akisoma telegramu ya Mombasa.

Alipowaeleza, Kiiza alitukana kwa Kitoro, kisha akamwomba mzee wa kanisa samahani. Alisimama dirishani, mikono nyuma.

"Kwa hiyo Célestin yuko Kongo, na kasha liko Kongo. Kesho anashuka mtu kutoka Mombasa, hamjui Célestin, hajui kibanda. Nitampa nini? Neno la mke. Neno la mshukiwa aliyebadilisha maneno akiona treni inakaribia. Na faili nene la watu wa Bwera wanaoapa kwamba alikwenda. Wewe Aryemo, ungekuwa yeye, ungeamini nini?"

"Faili," Aryemo alisema.

"Faili."

"Nirudishe Bwera leo hii. Nitazunguka kwa mmoja mmoja."

"Watakwambia alirudi na mkia wa samaki."

Mzee Kezironi alikuwa ameinuka. Kofia aliiweka kwenye kiti.

"Mimi ndiyo ya kwanza katika ile faili?"

"Wewe, mzee. Wengine wote wanasema, kama alivyosema mwinjilisti."

"Soma."

Aryemo akaifungua. "Mimi Kezironi, baba mzazi wa Danieri, naapa kwamba mwanangu alikwenda baharini, akakaa huko katika nyumba ya kukodi, akarudi."

"Futa."

"Kufuta hairuhusiwi, mzee. Unasema upya, tunaandika chini yake. Halafu korti inaona zote mbili."

"Bataona ya kwanza pia?"

"Wataiona. Na watu wa Bwera watajua umesema nini."

Mzee alimtazama mwanawe aliyeinama mezani. Alifunga vifungo vya koti lake, akasimama wima kama asimamavyo mbele ya mabenchi yake, na alipoanza kusema alisema polepole, ili kalamu imfuate.

"Nilimwona mutoto yangu anapanda basi."

Aryemo akaandika. Akangoja. "Halafu, mzee?"

"Halafu vumbi," alisema Kezironi. "Andika hivyo. Ile ingine yote niliambiwa."